Dungu la Kumvizia Harika

Jumapili, 10 Agosti

Mbuzi ametoroka. Naandika kwa utulivu, lakini huu ni ukurasa wa tatu kuanza.

Kosa ni la sabuni. Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka mahari kwa kina mchumba wangu Jacky, Komarock, na nilitaka mbuzi awe mweupe pepepe. Nikaona nimwogeshe mapema akauke vizuri. Sabuni ya unga vikombe viwili. Nilipofika shingoni kamba ikateleza, naye akateleza, mimi nikaketi ndani ya beseni. Nilipoinuka alikuwa ameruka ukuta na kuingia kile kiwanja cha vichaka nyuma ya nyumba zetu hapa Mbotela. Povu bado mgongoni!

Andati, jirani yangu seremala, aliona yote. Amesema pole. Alisema akiwa ameketi chini kwa kucheka.

Mtu atasema nunua mwingine. Mtu huyo hamjui Mzee Ng'ang'a. Babake Jacky hataki pesa mahali pa mbuzi kama wazee wengine wa siku hizi. Anataka mwati na harika, wazima, wakitembea kwa miguu yao. Yaani kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajawahi kuzaa. Mwati yuko salama kwa ankoli Gichuru. Harika tulienda kumtafuta pamoja kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko, mimi na Mzee, na Mzee mwenyewe ndiye aliyemchagua. Alimpapasa mgongo, akamfungua mdomo, akahesabu meno, akatangaza kwamba tangu azaliwe hajawahi kukosea mbuzi. Kisha akatoa kisu akamtia alama kwenye sikio la kushoto. Mzee alikuwa karani wa kuuza stempu miaka thelathini. Lakini nani atamwambia mbuzi si stempu?

Kwa hivyo ni yule yule mwenye alama, au hakuna Jacky. Mzee ameshawafukuza wachumba wawili. Mmoja kwa sababu ya viatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemfukuza mbuzi kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Hakimbii. Anaondoka tu, polepole, akihakikisha tuko mbali vya kutosha. Nikipumzika anapumzika. Nikitupa kamba anaitazama ikianguka. Nimerudi na miiba sehemu ambazo siwezi kumwonyesha mtu anitolee.

Jacky amepiga simu kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Nimemwambia kila kitu kiko sawa. Amesema sauti yangu ni ya mtu anayedanganya. Nimemwambia ni mafua.

Lakini jioni, jibu! Kwenye simu. Video ya Mzungu mmoja mwenye ndevu, kule kwao msituni, akiwavizia swara. Hakimbizani nao hata. Amejenga kibanda juu ya miguu minne, kwa bei nafuu anasema, ameketi ndani na chai yake, na swara wanakuja wenyewe mpaka chini yake. Siri ni moja: mnyama haangalii juu. Nimeitazama mara tano. Haangalii juu! Miaka kumi na miwili nimeenda shule na hakuna mwalimu aliyeniambia jambo hilo.

Mashambani wanaita dungu, wanaketi humo kufukuza ndege. Langu halitafukuza mtu. Yule Mzungu ana bunduki, na huku kwetu kuwinda ni jela. Sawa. Mimi si mwindaji, mbuzi ni wangu, na nina neti. Nauza mapazia ya mitumba. Nikishona neti nne pamoja na kufunga mawe pembeni, mbuzi akipita chini naachilia. Hakuna damu. Hakuna kesi.

Siku tano zimebaki. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejenga!

Mzungu alitumia mbao mpya. Mzungu ana pesa za kuchezea. Mimi nimetumia posti nne za kibanda changu cha zamani, sakafu ya paleti mbili nilizopewa bure na mwenye duka la saruji, na misumari niliyoinyoosha mwenyewe kwa jiwe. Vidole vitatu vimevimba. Paa ni kipande cha bati. Kuta ni mapazia ya kijani yenye maua makubwa, yale ambayo hakuna mama amewahi kuyanunua, na ambayo leo nimeelewa yaliumbwa kwa kazi hii. Nimekata tundu la kuchungulia katikati ya ua moja. Urefu, mita tatu kasoro.

Ngazi nimeilaza. Ubao mpana, umeegemezwa kwa mteremko mrefu, na vipande vya mbao vya kukanyagia. Mimi na urefu hatuelewani, na sitaki kupanda kitu kilichosimama wima.

Andati alikuja na penseli sikioni, bila kuitwa. Akalizunguka dungu mara mbili. Akasukuma posti kwa kidole kimoja na dungu zima likaitikia. Akaniambia, jirani, hii bila mbao za kukingama kwenye miguu itakulaza chini. Weka mbili mbili, hivi na hivi, kila upande. Akasema hata ananipa mbao.

Najua ujanja wa maseremala. Leo mbao mbili za bure, kesho ni yeye ndiye aliyejenga, na mtaa mzima unaimba Andati. Nimemshukuru nikamwambia dungu ni la kukalia, si la kuchezea ngoma.

Aliondoka akitikisa kichwa. Mbuzi alikuwa kichakani akitutazama sote wawili.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Mbaya sana.

Mzungu alisema mnyama hunusa binadamu kabla ya kumwona, na kwamba mwindaji lazima aondoe harufu yake. Hakusema aiondoe kwa kutumia kitu gani. Nikafikiria mwenyewe. Saa mbili nikajipaka kinyesi cha mbuzi mikono, shingo na koti. Kisha nikakumbuka ni lazima nifungue biashara kwanza.

Wateja watatu walifika. Wote watatu walikumbuka kuna kitu wameacha nyumbani.

Halafu Jacky! Alikuja kunishangaza, na mandazi kwenye mfuko. Alinikaribia, akasimama, macho yakamtoka, akashika mdomo na kukimbilia nyuma ya kibanda. Alitapika mpaka nikaogopa. Nilipotaka kumshika mkono alitapika tena. Nikamwambia ni harufu ya mapazia kutoka ng'ambo. Alinitazama kwa macho mekundu akasema tutazungumza baada ya Jumamosi. Baada ya Jumamosi! Mwanamke anayesema hivyo ana neno moyoni. Ameanza kujuta, najua. Nimeshindwa kula hata mandazi yenyewe. Nilikula mawili tu.

Saa kumi nilipanda dunguni. Nilipanda kwa magoti. Dungu lilikuwa linayumba kwa upepo, nami nikawa nayumba nalo, nimefumba macho, nimekumbatia posti. Chini nilikuwa nimetandaza maganda ya viazi na chumvi. Nikangoja. Mguu ukafa ganzi. Nikasikia majani yakichakachika. Nikachungulia kwenye ua. Mbuzi! Anakuja! Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine. Nikakamata kamba za neti. Alipofika karibu na maganda nikaachilia neti.

Nilimnasa Andati.

Alikuwa anatembea mbele ya mbuzi, mahali ambapo tundu langu halionyeshi, na ukoko wa ugali mkononi. Mbuzi alikuwa anamfuata yeye! Kumbe tangu Jumapili anamlisha kila siku, huyu msaliti. Akaniambia kutoka ndani ya neti kwamba zimebaki hatua kumi tu angemfikisha mlangoni kwangu. Nimemwambia mbuzi wangu hahitaji kubembelezwa na watu wa nje.

Mbuzi alikula ukoko wote ulioanguka, kisha maganda, kisha akaondoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa moja asubuhi nimefika kiwanjani na mbuzi hayuko. Kichaka chote, hayuko. Nikaegemea ngazi nikaanza kuomba, kweli kabisa, kwa sauti. Nikiwa kwenye amina, kitu kikadondoka kichwani. Kidogo, cha mviringo, cha moto.

Nikaangalia juu.

Alikuwa dunguni. Amelala juu ya mto wangu wa kukalia, kichwa nje ya pazia, anatafuna ua. Ngazi niliyoilaza kwa ajili ya magoti yangu, yeye alipanda tu akaingia. Na Mzungu hakuniambia kama mnyama huangalia chini.

Nilifikiri haraka. Nikivuta ngazi, amenaswa! Nilipoigusa tu akaruka. Alipita juu ya kichwa changu, nikaona tumbo lake lote angani, akatua na kuingia kichakani. Nikabaki na ngazi mkononi, nikairudisha mahali pake.

Andati, ambaye siku hizi hana kazi nyingine, amesema tumbo lile halimpendezi. Amekulia Vihiga na mbuzi ndani ya nyumba, anasema, na yule ni wa karibu kuzaa. Upuuzi! Harika aliyechaguliwa na Mzee Ng'ang'a? Amenenepa kwa viazi vyangu. Wivu wa Andati hauna aibu hata kidogo.

Saa tisa Mzee akapiga simu. Anataka picha ya harika, awaonyeshe ndugu zake. Sasa hivi. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikakimbia kiwanjani, na Mungu ni mwema, mbuzi alikuwa amerudi dunguni. Nikapiga picha kutoka chini, sikio la kushoto linaonekana. Nikatuma. Halafu Mzee akauliza kwa nini harika wake yuko juu ya nyumba. Nikamwandikia ni hewa safi. Kisha akaandika: "Jumamosi saa nne. Usichelewe, kijana."

Sijawahi kuogopa neno "kijana" namna hii.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Alfajiri kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya Agosti. Mbuzi alikuwa dunguni, amelala, hakusogea hata nilipofika chini. Nikavuta ngazi taratibu. Taratibu! Hakuruka. Nikaiweka chini. Nimemnasa! Nilicheza peke yangu kwenye matope. Siku moja kabla!

Kisha nikasikia sauti. Nyembamba. Si yake.

Pazia likasogea kidogo, na kichwa kingine kikatokea. Kidogo sana, kilicholowa.

Niliketi kwenye matope. Harika. Ambaye hajawahi kuzaa. Amezaa, juu ya mto wangu, ndani ya kazi ya mikono yangu. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni Jacky akipita siku moja kwenye kibanda changu na mume mwingine, kununua mapazia. Nikalia kidogo. Siandiki ni kiasi gani.

Halafu dungu likalia nalo. Kaa! Posti ya nyuma. Mvua ilikuwa imelegeza udongo, na mbuzi alikuwa amesimama anazunguka zunguka, na mita tatu za posti zisizo na mbao za kukingama zikaanza kuegemea upande wa ukuta. Nikaikumbatia posti. Ilikuwa inanisukuma. Viatu vikaanza kuteleza. Nikapiga mayowe. Nilitaka kuita jina la Mungu, nikaita la Andati.

Alikuja mbio na fulana ya kulalia. Akaweka bega chini ya kona ya sakafu, akakita miguu, shingo ikamvimba, akaniambia panda. Nikamwambia siwezi. Akaniambia, Muriuki, bega si chuma, panda! Nikaegemeza ngazi nikapanda, wima zaidi kuliko siku zote, macho wazi kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nikaingiza kitoto ndani ya koti. Mbuzi alipoona mtoto wake ameenda, akanifuata chini kwenye ngazi hatua kwa hatua, mpole kabisa. Kumbe wiki nzima dawa ilikuwa ni kumpa kitu cha kufuata.

Tulipotoka tu chini yake, dungu likaanguka. Bati lilinikata mkono. Andati ana mchubuko begani mkubwa kama sahani.

Alitaka niwapigie simu wakwe, niwaambie ukweli leo. Ni mtu mwema lakini hana akili ya biashara. Mpango ni rahisi. Mtoto anabaki kwake, yeye na mkewe Kageha wampe maziwa kwa chupa. Mama anaenda Komarock peke yake, amechanwa manyoya, anapendeza. Nani atajua?

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Saa nne kamili tuko Komarock. Mimi, ankoli Gichuru, mwati na harika. Mwati anatembea kama malkia. Harika analia. Alilia tangu Mbotela bila kupumzika. Ankoli aliuliza ana nini. Nikasema amezoea mtaa.

Wazee wameketi. Mzee Ng'ang'a, ndugu zake watatu, na Mama Jacky mlangoni. Ndugu mkubwa wa Mzee, aliyetoka Murang'a na fimbo yake, akaja kukagua. Mwati, sawa. Akainama kwa harika. Akatazama chini ya tumbo. Akatazama tena. Akagusa, na maziwa yakamrukia kidoleni.

Nikasema kwa haraka kwamba kuna mbuzi wa namna hiyo, wa asili ya ukarimu. Ankoli Gichuru alinikanyaga mguu.

Ndipo bodaboda ikasimama langoni. Andati! Ndani ya suti, kitoto kifuani kimefungwa kwa shuka ya Kageha. Akasema kwa heshima zote kwamba anaomba msamaha kwa wazee, lakini mtoto amekataa chupa tangu jana, na yeye hawezi kumwacha afe kwa sababu ya sherehe. Akamweka chini. Harika akakata kamba akamkimbilia, akaanza kumlamba pale mbele ya wazee wote.

Ndugu mkubwa akanyooka polepole. Aliuliza kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Sisi tumekuomba harika, ambaye hajazaa, kwa sababu ndivyo binti anavyoombwa. Wewe unatuletea mama na mtoto wake. Unataka kutuambia nini kuhusu binti yetu?

Nilimtazama Mzee Ng'ang'a. Alikuwa anatazama sikio la kushoto la mbuzi, ile alama yake mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja hukumu. Maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu. Ni yeye aliyemchagua. Ni yeye aliyehesabu meno. Nikafungua mdomo.

Kikombe kikavunjika. Jacky alikuwa mlangoni na sinia ya chai, midomo inatetemeka. Akaniuliza mbele ya watu wote:

"Muriuki, ni nani alikuambia?"

Nikamuuliza kuniambia nini. Akasema alitaka leo ipite kwanza, kwamba ni miezi miwili, kwamba hakujua ningemsema kwa wazazi wake kwa kutumia mbuzi. Akaanza kulia. Mama Jacky akaketi chini hapo hapo kwenye ngazi ya mlango. Nami nikabaki nimesimama, mdomo wazi, bendeji mkononi. Nitakuwa baba. Nilifurahi sana, na niliogopa kwa kiasi hicho hicho. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mbuzi nilimchagua mimi mwenyewe, peke yangu, na kwamba sijui lolote kuhusu mbuzi.

Mzee Ng'ang'a alikohoa.

Wazee walienda nyuma ya jikoni saa nzima. Jacky hakunitazama. Nilihesabu vigae vya sakafu nikasahau, nikaanza upya. Waliporudi, Mzee ndiye aliyesema. Mahari imepokelewa. Kwa haraka yangu ya mambo nitatoa faini, mbuzi dume mmoja mnono. Kisha akasema binti yake asiletewe tena habari kwa mifugo.

Alinisindikiza hadi langoni akanishika mkono wenye bendeji kwa muda mrefu, nikavumilia. Akaninong'oneza:

"Meno yalikuwa sawa, kijana."

Jumapili, 17 Agosti

Jacky amekuja Mbotela baada ya kanisa. Tumezungumza. Ameniuliza ni kwa nini nilinyamaza kuhusu mbuzi wiki nzima badala ya kumwambia tu, maana angemwambia mamake na mamake angemaliza neno hilo kwa dakika tano. Swali zuri. Nilimwambia sikutaka kumsumbua. Aliweka kichwa begani kwangu akaniomba kitu kimoja tu maishani. Nisifanye tena mambo kwa njia ya mkato, na watu wakitaka kunisaidia, nikubali. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote. Machozi yalinitoka.

Saa nane Andati akabisha hodi. Ameleta kitanda cha mtoto. Mbao za mvule, kingo zimepigwa randa hadi zinateleza mkononi, bawaba za shaba, yote bure, zawadi ya Kageha na yeye. Amekitengeneza usiku kucha na bega lile bovu.

Nimemwambia akiuze.

Jacky aligeuka kunitazama. Nikamweleza kwa upole. Panya wa Mbotela hawachezi, na kitanda kilichokaa chini ni kuwakaribisha. Nina posti tatu nzima, sakafu ya paleti moja, misumari ya kunyoosha ipo, mapazia ya kijani yapo. Mita moja na nusu kutoka chini, mtoto analala kwenye hewa safi. Gharama, karibu bure. Posti tatu zinatosha kabisa, mtoto hana uzito.

Andati aliuliza kama safari hii nitaweka mbao za kukingama. Nikamwambia hiki ni kitanda, si dungu. Jacky aliketi juu ya ndoo akashika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama, macho yakimlengalenga. Ndivyo mwanamke anavyomtazama mtu anayemjali mtoto wake.

Ngazi yake tayari nimeimaliza.